Walijua Walichokichoma: Wakulima wa Uingereza na Siasa za 1381



Tarehe 10 Juni 1381 waasi wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, waliingia mjini Canterbury, wakamkamata William Septvans, ofisa mkuu wa mfalme katika jimbo hilo, wakamtaka awatolee madaftari ya kodi na ya mahakama aliyokuwa nayo. Akayatoa, wakayatia moto. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya mto Thames, watu wa Essex waliivamia nyumba ya John Sewale, aliyeshika cheo hichohicho katika jimbo lao, wakateketeza na Cressing Temple, milki ya watawa wa Hospitali ambao mkuu wao, Robert Hales, ndiye aliyekuwa Mweka Hazina wa ufalme. Majimbo mawili, mto mpana katikati, siku moja, shabaha moja. Anayesema kwamba hawa walikuwa wajinga waliopandwa na wazimu ana deni la kutueleza wajinga hao walijuaje ni mlango wa nani wa kuuendea. Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: watu wa 1381 waliijua serikali kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakiiendesha, mwaka baada ya mwaka, katika vijiji vyao. Hawakutaka kuivunja. Walitaka itoke mikononi mwa makabaila.

Picha tuliyorithi ni nyingine, na inafaa tujue ilikotoka. Habari nyingi za uasi huu ziliandikwa na watu wa dini waliokuwa upande wa pili. Thomas Walsingham alikuwa mtawa wa St Albans, monasteri iliyovamiwa na wapangaji wake yenyewe. Henry Knighton alikuwa mtawa wa Leicester, chini ya ulinzi wa John wa Gaunt, ami wa mfalme na mtu aliyechukiwa na waasi kuliko wote. Froissart aliwaandikia wakuu waliopenda kusoma habari za mashujaa wenye farasi. Waandishi hawa waliwafananisha waasi na wanyama, wakawasikia wakipiga kelele, na mara chache sana wakawasikia wakisema jambo la maana. Ajabu ni kwamba hata wengi waliowaonea huruma katika karne za baadaye waliichukua picha hiyohiyo na kuibadilisha rangi tu. Wakatuambia kwamba maskini hawa walizidiwa na njaa na hasira, wakalipuka. Huruma ya namna hii nayo inamnyima mtu akili. Kwa bahati, hatulazimiki kuwategemea watawa peke yao. Zipo kumbukumbu za mashtaka yaliyofunguliwa baada ya uasi, na yapo madaftari ya mahakama za vijijini yaliyonusurika na moto, na humo watu hawa wanaonekana kwa majina, kwa mashamba yao, na kwa vyeo vyao.

Naam, vyeo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sehemu kubwa ya wakulima wa Uingereza wa karne ya 14 walikuwa watwana. Mtwana alishika shamba kwa hisani ya kabaila, akamlimia kabaila siku kadhaa za wiki bila ujira, akalipa faini binti yake alipoolewa, na alipokufa, kabaila alichukua mnyama bora katika zizi lake. Hakuweza kumshtaki bwana wake kwa habari ya ardhi katika mahakama ya mfalme, kwani mbele ya sheria ya ufalme ardhi ile ilikuwa ya kabaila. Lakini kabaila mmoja aliweza kuwa na milki nyingi zilizotawanyika katika majimbo mbalimbali, na nyingine alipita miaka bila kuzikanyaga. Kazi ya kuzisimamia iliwaangukia watwana wenyewe. Kila mwaka mmoja wao aliteuliwa kuwa mnyapara: akapanga kazi, akauza nafaka, akatunza mifugo, na mwisho wa mwaka akasimama mbele ya wakaguzi kutoa hesabu ya kila peni. Wengine walikaa katika mahakama ya milki kama wazee wa baraza, wakaapa, wakatamka mila ya mahali pale inasemaje kuhusu mpaka, urithi au deni, na karani akaandika kauli yao kwa Kilatini juu ya ngozi. Alikuwapo mkaguzi wa pombe, alikuwapo mlinzi wa amani, walikuwapo wagawaji wa kodi. Tangu 1334 kodi kuu ya mfalme ilitozwa kwa kiasi maalumu kwa kila kijiji, na wanakijiji wenyewe ndio waliokaa chini kuamua nani atoe nini. Mwanahistoria Christopher Dyer alipowatafuta waasi wa 1381 katika madaftari ya milki zao, aliwakuta wengi miongoni mwa watu hawahawa: wanyapara, wazee wa baraza, wasimamizi, wenye mashamba ya wastani na heshima kwa majirani. Waliongoza uasi kwa sababu walizoea kuongoza.

Tauni ndiyo iliyobadilisha uzito wa mizani. Ilifika Uingereza mwaka 1348, na katika muda usiozidi miaka miwili iliua kati ya theluthi moja na nusu ya watu. Ikarudi tena 1361. Waliobaki walijikuta wakihitajiwa. Kibarua aliweza kutaja bei yake, na mtwana aliweza kumwambia kabaila kwamba milki ya jirani inakodisha ardhi bila kazi ya lazima. Serikali haikungoja. Mwaka 1349 ilitoa amri, na mwaka 1351 Bunge likatunga sheria, kwamba ujira urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni: peni 1 kwa siku kwa mkusanya nyasi, peni 3 kwa fundi mkuu wa seremala. Mahakimu maalumu waliwekwa kuisimamia, na mara nyingi mahakimu hao walikuwa wenye mashamba, yaani waajiri wa washtakiwa. Tafakarini maana yake kwa mzee wa baraza wa kijijini. Yeye alizoea kuona sheria ikitamkwa na majirani kwa kufuata mila. Sasa aliona sheria mpya ikishuka kutoka juu, imetungwa na upande mmoja kwa faida ya upande huohuo, na inavunja mapatano ambayo mwajiri na kibarua walikuwa tayari wameyakubali. Chuki dhidi ya wanasheria na mahakimu iliyoonekana 1381 ilipikwa kwa miaka 30.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Vita na Ufaransa vilikuwa vikienda vibaya: Rye ilichomwa na Wafaransa 1377, Winchelsea 1380, na mfalme Richard II alikuwa mtoto aliyerithi kiti akiwa na miaka 10. Kodi ya kwanza ya aina hii, ya 1377, ilikuwa peni 4 kwa kila mtu aliyezidi miaka 14. Ya tatu, iliyoidhinishwa na Bunge lililokutana Northampton mwishoni mwa 1380, ilikuwa peni 12 kwa wastani kwa kila mtu aliyezidi miaka 15, mume na mke kila mmoja na yake. Kwa kibarua aliyepata peni 3 au 4 kwa siku, nyumba ya watu wawili ilidaiwa ujira wa wiki nzima ya kazi au zaidi. Lakini zaidi ya uzito wake, kodi hii iliinyang'anya jumuiya ya kijiji kazi yake ya siku zote: badala ya kijiji kugawa mzigo kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, kichwa kikawa kichwa. Sheria ilisema matajiri wawasaidie maskini, ila katika kijiji kisicho na tajiri maneno hayo hayakulipa kitu. Matokeo yake yamo katika takwimu za serikali yenyewe. Mwaka 1377 walioandikishwa kulipa walikuwa zaidi ya 1,350,000. Mwaka 1381 hawakufika 900,000. Karibu theluthi ya walipa kodi walipotea katika miaka minne bila tauni mpya ya kuwaua kiasi hicho. Nani aliyewapoteza? Ni walinzi wa amani na waandikishaji wa vijijini, walioacha nje ya orodha wajane, mabinti, dada na watumishi. Huo ulikuwa mgomo wa kimya wa maofisa wa ngazi ya chini kabisa, ulioenea karibu nchi nzima, na hakuna kundi lisilo na mpango liwezalo kufanya hivyo.

Serikali ikajibu kwa kutuma wakaguzi. Tarehe 30 Mei 1381 John Bampton alikaa Brentwood, Essex, akawaita watu wa Fobbing waeleze upungufu wao. Jibu walilompa, kwa mujibu wa mwandishi wa habari za nyakati zilizohifadhiwa katika monasteri ya St Mary mjini York, lilikuwa kwamba hawatalipa hata peni moja zaidi kwa sababu walikuwa na stakabadhi aliyowapa yeye mwenyewe. Bampton akaamuru wakamatwe, na wanakijiji wa Fobbing, Corringham na Stanford wakamfukuza. Siku tatu baadaye alitumwa Robert Bealknap, mmoja wa Majaji Wakuu wa ufalme, naye akageuzwa njia. Nasisitiza mpangilio wa matukio haya kwa sababu husahaulika: kabla ya fimbo kulikuwa na stakabadhi. Watu walitoa hoja ya kisheria, yenye ushahidi wa maandishi, na ofisa wa sheria akaijibu kwa nguvu.

Angalieni pia namna walivyochagua. Wale wa Kent, walipokuwa wakijiandaa kwenda London, waliagiza kwamba wakazi wa ukanda wa pwani, kiasi cha ligi 12 (kipimo cha masafa cha zama hizo) kutoka baharini, wasiondoke, wabaki kuilinda nchi dhidi ya Wafaransa. Kazi hiyo ilikuwa ya serikali, na serikali ilikuwa imeshindwa kuifanya; waasi waliibeba wakiwa katikati ya uasi. Tarehe 13 Juni, siku ya sikukuu ya Ekaristi, waliingia London kwa msaada wa wenyeji waliowafungulia daraja, wakaichoma Savoy, jumba la John wa Gaunt. Knighton, ambaye hakuwapenda hata kidogo, anaeleza kwamba dhahabu na fedha zilivunjwavunjwa na kutupwa, na kwamba mtu mmoja aliyeficha chombo cha fedha alitupwa motoni na wenzake, kwa kuwa walisema wao ni watetezi wa haki na si wezi. Kesho yake, pamoja na Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury na Chansela wa ufalme, na pamoja na Mweka Hazina Hales, aliuawa mfanyabiashara Richard Lyons. Jina hilo lina historia. Miaka mitano nyuma, katika Bunge la 1376, Lyons alishtakiwa rasmi kwa kuila hazina ya mfalme, akahukumiwa, kisha John wa Gaunt akayapindua maamuzi ya Bunge lile. Waliomtafuta Lyons mitaani London walikuwa wakiendeleza, kwa upanga, kesi iliyofunguliwa bungeni. Siwatetei kwa mauaji hayo. Nasema tu kwamba hayakuwa ya kubahatisha. Wanawake nao walikuwemo, na si nyuma: hati za mashtaka zinamtaja Johanna Ferrour wa Rochester kuwa miongoni mwa viongozi wa kundi lililokwenda Savoy, na kule Lakenheath, Suffolk, Katherine Gamen alishtakiwa kwa kuisukuma mashua mbali na gati ili Jaji Mkuu mwingine, John Cavendish, asitoroke.

Hapa ninatarajia swali. Kama walikuwa watu wa utawala, mbona walichoma maandishi? Je, hiyo si chuki ya asiyesoma dhidi ya kalamu? Swali ni zuri na linastahili jibu refu, kwani mwandishi mmoja alikwisha simulia habari ya bibi kizee wa Cambridge, Margery Starre, aliyerusha hewani majivu ya hati za chuo kikuu akifurahi kwamba elimu ya makarani imekwisha, na habari hiyo imetosha kuwa hukumu kwa wengi. Turudi nyuma hadi 1377. Mwaka huo wanakijiji wa milki zipatazo 40 kusini mwa Uingereza walichanga fedha, wakaajiri wanasheria, wakaomba kutoka ofisi ya mfalme nakala rasmi za kurasa za Domesday, daftari la ardhi lililoandikwa 1086 kwa amri ya mfalme William. Nia yao ilikuwa kuthibitisha kwamba ardhi zao ziliwahi kuwa za mfalme, na kwa hiyo kabaila hana haki ya kuwaongezea kazi. Wenye mashamba wakalalamika bungeni kwa hofu. Watu wanaotafuta hati ya karibu miaka 300 nyuma hawawezi kuitwa maadui wa maandishi. Katika St Albans mambo ni wazi zaidi. Wapangaji wa monasteri ile, wakiongozwa na William Grindecobbe, walimtaka Abate Thomas de la Mare awape hati ya kale ya mfalme Offa, waliyoamini kwamba ina herufi za dhahabu na buluu na kwamba inawapa uhuru. Abate hakuwa nayo. Basi wakachoma hati zilizowafunga, na papo hapo wakadai iandikwe hati mpya ya haki zao, itiwe muhuri wa monasteri. Cambridge nako, baada ya moto, waliwalazimisha wakuu wa chuo kutia muhuri hati ya kuacha upendeleo wa chuo juu ya mji. Na tarehe 14 Juni, pale Mile End, mfalme alipokubali kufuta utwana na kuweka kodi ya ardhi iwe peni 4 kwa eka, maelfu ya watu wa Essex walingoja makarani waandike hati za kila jimbo, wakazichukua, wakaenda zao nyumbani. Daftari la mahakama ya milki lilikuwa ndilo ushahidi kwamba baba yako alikuwa mtwana na kwa hiyo wewe pia. Waliochoma madaftari hayo wengi walikuwa watu ambao kauli zao wenyewe zilikuwa zimeandikwa humo.

Kuhusu St Albans siwezi kupita bila kutaja mawe ya kusagia. Monasteri ilidai kwamba nafaka yote ya mji isagwe katika kinu chake, kwa malipo. Wenyeji walipojisagia nyumbani, abate mmoja wa zamani aliyakusanya mawe yao ya mkono akayafanya sakafu ya chumba cha mazungumzo cha watawa, ili kila aingiaye akanyage ushindi wa monasteri. Mwaka 1381 watu waliibomoa sakafu ile, wakavunja mawe vipande vipande, wakagawana kila mmoja kipande apeleke kwake, kama waumini wanavyogawiwa mkate uliobarikiwa kanisani. Walsingham alikasirishwa na kitendo hicho, na hasira yake ndiyo iliyotuhifadhia habari hii. Kizazi kizima kilikuwa kimepita tangu mawe yachukuliwe, na mji haukusahau yako wapi wala yana maana gani. Kumbukumbu ya namna hiyo, inayotunzwa na wengi kwa ajili ya siku ya madai, ni siasa kamili.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Watu hawa walimwamini mfalme, kijana wa miaka 14, wakaapa kumtii yeye na watu wake wa kweli, kisha huyohuyo akawasaliti. Je, huo si utoto wa kisiasa? Wengi wamesema hivyo. Mimi naona kwamba katika sheria ya Uingereza ya wakati ule rufaa kwa mfalme ilikuwa na mantiki kali. Utwana ulikuwa ukuta uliojengwa kati ya mkulima na mahakama ya mfalme. Mtu huru aliingia humo, mtwana alirudishwa kwa kabaila wake. Kwa hiyo, pale Smithfield, tarehe 15 Juni, Wat Tyler, kiongozi wa waasi wa Kent, alipodai kwamba pasiwe na ubwana mwingine isipokuwa ule wa mfalme, alikuwa akidai kwamba kila mtu awe na hakimu mmoja, wa umma. Katika madai yaleyale alitaka pasiwe na sheria ila sheria ya Winchester. Wapo wanaoona maneno hayo ni fumbo. Lakini ipo Sheria ya Winchester ya 1285, iliyowaachia watu wa mahali ulinzi wa amani yao na kuwataka wanaume wa miaka 15 hadi 60 wawe na silaha kadiri ya mali zao. Ukiyasoma madai mawili pamoja unapata mpango wa utawala: mfalme juu, jumuiya za vijiji na miji zenye kujilinda na kujihukumu chini, na katikati yao makabaila hawamo. Waliongeza kwamba mali ya kanisa, baada ya kuwatosha makasisi riziki yao, igawiwe waumini wa parokia. Mpango huo unaweza kupingwa kwa hoja. Kuuita utoto hakutoshi. Walichokosea ni kupima uaminifu wa watu waliomzunguka mfalme. Siku ileile Meya wa London, William Walworth, alimpiga Tyler kwa upanga palepale penye mazungumzo, na uasi wa London ukavunjika.

Pingamizi la tatu sitalipunguza makali yake. Tarehe 14 Juni makundi ya London yaliwasaka Waflandria, wageni waliofanya kazi ya kufuma na biashara ya nguo, wakawaua mitaani. Mwandishi mmoja wa zama hizo anataja 35 waliokokotwa kutoka ndani ya kanisa la St Martin Vintry wakakatwa vichwa. Wageni hawa hawakuwa wametunga kodi wala kuhukumu mtu. Yapo maelezo: mafundi wa London waligombea kazi nao, na upendeleo wa mfalme kwa wafumaji wa kigeni ulikuwa chanzo cha manung'uniko ya muda mrefu. Maelezo hayo hayaoshi damu. Hoja yangu haihitaji kwamba waasi wawe watakatifu. Watu wenye akili ya siasa wanaweza kutenda uovu wa siasa, na huu ulikuwa uovu. Tunawajibika kuuandika kwa jina lake pamoja na mawe ya kusagia na stakabadhi ya Fobbing.

Linabaki pingamizi la wanauchumi, ambalo ndilo linalosikika zaidi siku hizi. Wanasema uasi ulishindwa. Tarehe 28 Juni watu wa Essex walipigwa karibu na Billericay. Tarehe 2 Julai, akiwa Chelmsford, mfalme alizifuta hati za uhuru. Tarehe 15 Julai padri John Ball, mhubiri wao, aliuawa St Albans, na Grindecobbe akafuata. Norfolk, mtia rangi nguo Geoffrey Litster alishindwa na Askofu Henry Despenser. Utwana, wanaendelea, ulikufa wenyewe baadaye kwa sababu tauni iliwapunguza watu na ardhi ikakosa wakulima. Uasi haukuongeza wala kupunguza kitu. Nakubali nusu ya maelezo haya. Bila tauni, mkulima asingekuwa na nguvu ya kusimama. Ila tauni ileile ilipita Ulaya nzima, na matokeo hayakuwa mamoja. Mashariki ya mto Elbe, katika Prussia na Poland, wakulima waliokuwa na uhuru mkubwa walifungwa katika utwana mpya katika karne ya 15 na 16, hukohuko ambako watu walikuwa wachache. Katalunya, mabwana walitumia uhaba wa watu kuwabana wakulima zaidi, na ilichukua vita viwili vya wakulima kabla mfalme Fernando hajatoa hukumu ya Guadalupe mwaka 1486 iliyowaruhusu kujikomboa kwa malipo. Mwanahistoria Robert Brenner alilionyesha jambo hili mwaka 1976, na majibu yote aliyopewa tangu hapo hayajaliondoa: uhaba wa watu huwapa mabwana sababu ya kulegeza kamba, na huwapa sababu ileile ya kuikaza. Kinachoamua ni nguvu za pande mbili, na nguvu ya wakulima wa Uingereza ilikuwa katika vijiji vyao vilivyozoea kukaa, kujadili na kuamua pamoja.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka kwa washindi. Bunge lilipokutana Novemba 1381, serikali iliuliza kama wajumbe wangependa watwana waachwe huru. Wakajibu kwa sauti moja kwamba hawatakubali kamwe. Lakini katika Bunge hilohilo, Spika wao, Richard Waldegrave, alisimama kueleza sababu za uasi, na hakutaja wazimu wala shetani. Alitaja utawala mbaya, wingi wa watu wanaolishwa katika nyumba ya mfalme, kodi zinazoliwa bila nchi kulindwa, na maofisa wanaowanyanyasa watu wa kawaida. Kwa maneno mengine, wenye mashamba walikataa madai ya waasi na kukubali uchambuzi wao. Kodi ya kichwa ya namna ile haikuidhinishwa tena katika karne hiyo. Vijijini, mwaka baada ya mwaka, watwana walikataa kwa pamoja kulipa faini za utwana, wakahama milki zisizowafaa, wakajadiliana kodi upya, na makabaila wakakodisha ardhi zao zilizokosa nguvukazi. Katika karne ya 15 umiliki wa mtwana uligeuka kuwa umiliki wa hati: mkulima alipewa nakala ya maneno yaliyoandikwa kuhusu shamba lake katika daftari la mahakama, na taratibu majaji wa mfalme wakaanza kuitambua nakala hiyo mbele yao.

Mwaka 1450 Kent iliasi tena chini ya Jack Cade. Orodha ya malalamiko yao imehifadhiwa: ufisadi wa washauri wa mfalme, kodi, dhuluma za maofisa wa jimbo, uchaguzi wa wabunge ulioingiliwa, sheria ya vibarua wanayotaka ifutwe. Utwana haumo. Wajukuu wa wale wa Canterbury hawakuona tena haja ya kuutaja. Nawasihi walimu wa historia mlioko hapa, mtakapowafundisha vijana habari za Ulaya ya Zama za Kati, msianze na upanga wa Walworth pale Smithfield. Anzeni na mahakama ya kijiji, mahali ambapo mnyapara na wazee wa baraza waliketi kutamka mila zao, kisha waacheni wanafunzi wawafuate watu hao barabarani hadi London.